Kabla sijalipa, naomba niilaze chini

Muuzaji alidhani hakunisikia vizuri. "Uilaze?" Nikamwambia ndiyo, tuilaze hapa sakafuni, ubavu wa kushoto, halafu niiinue mwenyewe bila kusaidiwa. Akaitazama ile pikipiki, bado ina nailoni kwenye kiti, akanitazama na mimi, mama mzima wa miaka 48 mwenye buti za mpira. "Mama, hii ni mpya." Ndiyo, nikasema, na mimi ndiye nitakayekuwa nayo siku itakapolala. Akakataa. Kwa haki kabisa, labda ningekuwa yeye ningekataa pia, lakini hela yangu ilitoka mle dukani pamoja na mimi.

Naendesha pikipiki tangu 2003. Kazi yangu ni mifugo, wilaya ya Lushoto, na wafugaji huniita daktari ingawa mimi ni mtu wa stashahada na nilishachoka kuwasahihisha. Sehemu kubwa ya siku zangu ni uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija bila dume: ng'ombe anapata joto, mwenyewe anapiga simu, napanda pikipiki na mtungi wangu wa naitrojini wenye mirija ya mbegu ndani, naenda. Kazi hii ina saa yake. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi hupandishwa jioni, wa jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Ukichelewa, mfugaji anasubiri siku 21 nyingine, na kwa mtu mwenye ng'ombe mmoja nyuma ya jiko hizo siku 21 atazihesabu kwa jina lako.

Kwa hiyo ninapochagua pikipiki sichagui kama wanavyochagua vijana wa kijiweni. Angalau ndivyo nilivyodhani.

Pikipiki yangu hadi mwaka huu ilikuwa Yamaha AG100. Nilikabidhiwa 2005 ikiwa na namba za DFP, yaani mali ya mradi wa wafadhili. Mradi ukaisha, pikipiki ikakaa chini ya mwembe wa ofisi mpaka kuku wakaanza kutaga kwenye keria, na ilipofika mnadani 2013 nikainunua. Wasioijua AG wataiona ni kipikipiki kibovu chenye keria mbili kama punda. Iliundwa kwa ajili ya mashamba, na aliyeiunda nadhani aliwahi kuchunga. Ina stendi za pembeni mbili, kushoto na kulia, kwa hiyo hata ukisimama kwenye mteremko unachagua upande wa kuiegemeza. Cheni imefunikwa yote, tope haliioni. Mkono wa klachi una kikufuli kidogo: unaubana, pikipiki inabaki kwenye gia huku inanguruma, wewe unashuka kufungua geti la zizi. Uzito wake karibu kilo 100. Nimeiangusha mara ambazo sizihesabu tena na mara zote nimeiinua peke yangu.

Isipokuwa moja, 2019, msitu wa Magamba, ukungu wa asubuhi na udongo mwekundu uliolowa usiku kucha. Tairi la mbele lilikwenda kushoto, mimi kulia, mtungi ukatoka kwenye kamba zake na kupiga jiwe kwa shingo. Naitrojini ikaanza kutoka. Mnajua inavyokuwa? Ni kitu cha baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ikigusa hewa inatoa moshi mweupe mzito unaotambaa chini kama maziwa yaliyofurika. Watoto wa shule waliokuwa wanapita wakakimbia wakipiga kelele kwamba daktari anaungua. Nimekaa kwenye tope, siungui, natazama mirija ya miezi miwili ikifa mbele yangu. Pikipiki haikuinuka siku ile kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeteguka. Alikuja mzee mmoja na jembe, akaiinua kama anainua mtoto, akanisalimia kwa Kisambaa kana kwamba tumekutana sokoni.

Sasa AG imechoka. Siili za krenki zinapitisha hewa, ekzosi inatoa moshi wa buluu unaowatangulia wageni, na kipande cha kutoka Soni kuja Lushoto mjini tunakipanda kwa gia ya pili tukiombeana. Spea zake ndiyo tatizo lenyewe. Mwaka jana niliagiza ringi za pistoni, nikasubiri wiki tatu, zikaja za pikipiki nyingine. Fundi wangu wa Soni aliniambia kitu ambacho sikutaka kukisikia: "Dada, hii siku hizi tunaitibu tu, hatuitengenezi."

Nikaweka shilingi milioni 3 na laki 4 pembeni, nikaanza kutafuta.

Kosa la kwanza lilikuwa la macho. Nilikwenda Usa River kufuata mbegu kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji, wakati wa kurudi nikapita Arusha mjini, na dirishani mwa duka palikuwa na Honda XR150L nyekundu. Wenzangu mnaoendesha milimani mnaelewa. Madigadi ya mbele iko juu, mbali na tairi, tope halina pa kukwama. Breki ya mbele ni ya diski. Tairi la mbele la inchi 19 linapanda jiwe badala ya kugombana nalo. Nilisimama pale kama binti aliyeona doti ya khanga dirishani, ingawa bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hela yangu na nilianza kupiga hesabu ni ndama gani wauzwe.

Nikaomba nikae juu yake. Kiti chake kiko sentimita 82 na ushee kutoka chini, na mimi nina mita 1 na sentimita 56 nikiwa nimevaa viatu. Kwenye sakafu ya duka ncha za vidole zilifika. Lakini sakafu ya duka ni tambarare! Njia ya kwenda kwa wafugaji wangu wa Kwai imelalia upande wa bonde. Ukisimama ghafla mguu wa upande wa chini unatafuta ardhi na ardhi iko nusu mita zaidi. Kilo 129 zinaanza kuinama pamoja nawe, taratibu, kwa heshima, na hakuna unachoweza kufanya. Nilishuka. Muuzaji akaniambia nitaizoea. Miguu hairefuki kwa mazoea, kaka.

Kosa la pili linaniuma zaidi kwa sababu lilitokana na kile nilichokuwa nikijivunia, yaani uzoefu. Mtoto wa kaka yangu ni bodaboda, ana Boxer ya 150, akaniazima niijaribu kutoka Lushoto kushuka Mombo. Barabara hii naijua kona kwa kona, ni lami, kilomita thelathini na kitu. Yeye akafuata nyuma na pikipiki ya mwenzake. Kabla ya Soni kuna kona ambayo maji ya mlimani huvuja barabarani hata kiangazi. Nikaachia mafuta, nikakanyaga gia mbili chini kwa mpigo, kama nilivyofanya kwa miaka 20. Tairi la nyuma likakaza, likateleza likitaka kuja mbele kunisalimia. Nilijikuta nimesimama mlalo katikati ya lami, basi dogo linanipigia honi kutoka chini.

Ni hivi. AG ni injini ya mipigo miwili. Ukiachia mafuta kwenye mteremko haikushiki sana, inaendelea kuteremka kama vile haijasikia, kwa hiyo tulioanzia kwenye hizo mashine tumejifunza kuishi na breki mikononi, na gia tunashusha ovyo kwa sababu hazina madhara. Injini ya mipigo minne inashika yenyewe. Kwa mteremko wa Mombo hilo ni neema, breki za dramu hazipati moto mpaka zinukie. Lakini lazima ushushe gia moja moja, na klachi uiachie taratibu. Miaka 22 barabarani, na sehemu kubwa ya nilichokuwa nacho ilikuwa ni ujuzi wa pikipiki moja.

"Shangazi," kijana akasema alipofika, ameegesha, anajitahidi asicheke, "ulikuwa unageuza?"

Kuanzia hapo nikapunguza ubishi. Nikachukua daftari langu la uhimilishaji, ukurasa wa nyuma kabisa, nikaandika vitu vitatu: waya wa klachi, breki shuu za nyuma, tyubu ya nyuma. Hivi ndivyo vilivyowahi kunilaza njiani. Kila nilikopita kikazi nikawa naingia duka la spea na kuuliza: Soni, Lukozi siku ya soko katikati ya marobota ya kabeji, Mlalo, Mtae. Sikununua, niliuliza tu, wakaniona nina kasoro.

Vya Boxer vipo kila mahali. Mtae, mwisho wa dunia, ambako ukisimama ukingoni unaiona tambarare ya Mkomazi chini kabisa, mama anayeuza sukari na mafuta ya taa ana waya wa klachi wa Boxer umening'inia karibu na ndala. Vya TVS vipo kila mahali isipokuwa kibanda kimoja. Vya XR hakuna hata mahali pamoja. Kijana mmoja Lukozi alinishauri kwa roho safi ninunue wa Boxer, "tutaukata utaenea". Ila kupatikana kuna upande wake wa pili. Kokote unakouliza, swali linalofuata ni lile lile: "Unataka ya kawaida au orijino?" Boksi ni lile lile, nembo ile ile inayong'aa, bei mbili. Na ya kawaida nimeshaiona ikikatika siku ya nne.

Watu walinishauri mengine. Mchina wa bei rahisi: niliuliza wenye nazo za miaka mitatu, nikaishia hapo. AG200 iliyotumika, ya mnadani: nilitamani, lakini ni kuoa mgonjwa mwingine baada ya kumzika wa kwanza. Pikipiki ya umeme alinishauri bwana mdogo wa ofisini, na Dar au Kigali ningemsikiliza, lakini jioni ya mvua niko Rangwi betri imeisha namwambia nini ng'ombe?

Zikabaki mbili, Boxer 150 na TVS HLX 125, na fundi wangu hakuelewa ninasita nini. Kwake jibu ni Boxer, amemaliza. "Ile milima ya Mtae na ya 125 utalia." Nikamwambia sibebi abiria. Mimi ni kilo 58, mtungi mdogo wa lita 3, begi la kazi, koti la mvua. Bodaboda anapanda Mtae na watu wawili na gunia la viazi, huyo anahitaji 150. Mimi nahitaji kufika na kurudi. Tukabishana mpaka chai ikapoa, ndipo nikamwomba jambo ambalo nililikosa dukani: alikuwa na Boxer ya mteja na HLX ya mteja pale gereji, tuzilaze.

Kuinua pikipiki kuna namna yake na wanawake wengi wanaoanza hawafundishwi, kwa hiyo niiseme. Usiiangalie. Ipe mgongo. Ikiwa imelalia kushoto, kwanza toa stendi ya upande wa kulia kama ipo, la sivyo utaiinua na kuiangusha upande wa pili, nimeshafanya. Weka gia ili tairi lisizunguke. Chuchumaa, makalio yagusane na kiti, mkono mmoja ushike usukani uliogeuzwa mpaka mwisho, mwingine ushike keria au chuma chochote kisichong'oka, kisha urudi kinyumenyume kwa hatua ndogo ndogo. Miguu ndiyo inayosukuma. Ukiinua kwa mikono kama ndoo ya maji utaumia mgongo na pikipiki itabaki pale pale.

Boxer iliinuka mara ya pili, na kesho yake nyuma ya kiuno palinikumbusha. HLX iliinuka mara ya kwanza. Tofauti ya uzito ni kilo chache tu, dukani ungesema hakuna kitu. Nilirudia zote mbili baada ya chakula cha mchana, kwa sababu njiani huanguki ukiwa umepumzika, na majibu yalikuwa yale yale. Mafundi wadogo wakaacha kazi kutazama. Fundi mwenyewe alinyamaza, akawasha sigara, akasema, "Basi chukua yenye rimu za spoku." Hapo alikuwa sahihi. Rimu ya kumwaga ni nzuri mjini, ikipiga jiwe inapasuka na safari imeisha. Ya spoku inapinda, unakaza hapa unalegeza pale, unafika nyumbani ukiyumba.

Duka la pili nililokwenda Korogwe lilikuwa la mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, nikijiandaa kufukuzwa. Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akamwita kijana wa stoo: "Leta maboksi." Wakatandika maboksi ya jokofu sakafuni, tabaka tatu, tukailaza ile HLX nyekundu kama mgonjwa. Nikaipa mgongo. Ikaja juu. Yule mama akapiga makofi, akasema na yeye angependa kujaribu, na alijaribu, kwa gauni lake la kitenge. Tulipomaliza hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Sikuomba punguzo, nilipewa helmeti ya pili.

Kadi nilihakikisha imeandikwa jina langu kabla sijaigusa, bima nilikata siku ile ile. Hayo mnayajua.

Nikubali nilichopoteza. Breki ya diski ya XR bado naiota. Cheni iko wazi kuliko ya AG, kwa hiyo kila Jumamosi nakaa na mswaki wa zamani na mafuta ya taa nikiisugua. Na ule mkono wa klachi wenye kikufuli hakuna fundi aliyeweza kuuhamishia, nafungua mageti kama watu wengine. Gia nimeanza kuzisikia. Kona ya Soni sasa naishuka kwa gia ya tatu, nimetulia, injini inaguna kidogo chini yangu kama ng'ombe anayekamuliwa.

Mengine tuliyahamisha. Fundi aling'oa keria ya nyuma ya AG, ile ya kuku, akaichomelea kwenye HLX na kuizungushia kikapu cha nondo nyembamba ambamo mtungi unakaa wima umebanwa na vipande vya tyubu. Madigadi ya mbele ameinyanyua vidole vitatu. Nyuma nimeweka tairi la meno makubwa, lile wanaloliita kashata. Na stendi: nilimwambia siwezi kuishi na stendi moja tena. Akakata ya kulia ya AG, akaichomelea chini ya HLX, imekaa upande kidogo lakini inashika.

Wiki iliyopita nikairudisha Korogwe kwa servisi ya kwanza. Mwenye duka hakuwepo. Fundi wao, kijana msafi mwenye ovaroli isiyo na doa, akaizunguka mara moja, akachuchumaa, akaiona ile stendi ya kulia. Akainuka taratibu.

"Mama, hapa waranti imekwenda."

"Kwa ajili ya stendi?"

"Kwa ajili ya kuchomelea."

Nilitaka kumweleza habari za Kwai na upande wa bonde, lakini simu ikalia. Mfugaji wa Malindi, hii ya kwetu Lushoto, ng'ombe wake ameanza kupanda wenzake tangu alfajiri, na ilikuwa imeshafika saa saba. Nikamwomba yule kijana amalizie oili.